Nimeungama uzinzi: je, ni lazima nimwambie mke wangu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre, na shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, nina miaka 41, nilifunga ndoa kanisani mwaka 2011 na tuna watoto watatu. Mwaka jana nilikaa Tunduma wiki saba nikisubiri malipo ya mzigo, na huko nikaanguka na mama lishe mmoja nilipokuwa nakula. Niliporudi niliendelea kuishi na mke wangu kama kawaida. Kwaresima iliyopita nimeungama na kuondolewa dhambi, na kitubio nilichopewa ni kusali Zaburi ya 51. Sasa rafiki yangu mlokole ananiambia kwamba mpaka nimwambie mke wangu, Mungu hajanisamehe. Kaka yangu mkubwa naye anasema nisithubutu, kwamba siri ya mwanamume huzikwa naye, na kwamba ugoni hasa ni wa mwanamke. Yule mama bado hunitumia ujumbe mara moja moja kwa sababu kuna hela ya chakula ananidai. Nifanye nini?

JIBU: Milele na milele, ndugu yangu, na marahaba. Nimefundisha teolojia ya maadili kwa miaka mingi na kukaa na wanandoa wengi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na swali lako nimeshaulizwa na wanaume, na wanawake pia, kwa maneno yanayofanana sana na yako. Nitangulize jambo moja kwa ajili yako na kwa ajili ya wote watakaosoma: hakuna hata mfano mmoja katika jibu hili unaotoka kitubioni. Siri ya maungamo haina mwanya, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa kwa tendo hilo lenyewe. Utaona baadaye kwa nini jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Naanza na rafiki yako, kwa sababu neno lake ndilo linalokunyima usingizi. Padre alipokunyoshea mkono na kusema, "Nami nakuondolea dhambi zako," hakuweka sharti kwamba maneno hayo yataanza kufanya kazi siku utakapozungumza na mkeo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1551 ulitaja yanayodaiwa kwa mwenye kutubu kuwa ni majuto, maungamo na malipizi, na ndani ya majuto limo kusudi thabiti la kutorudia. Kumfunulia mwenzi wa ndoa hakumo, na hakuna kanuni ya Sheria ya Kanisa inayolidai hilo kama sharti la ondoleo. Kama ulijuta kweli, ukaungama bila kuficha, na ukakusudia kuachana na mambo yale, basi umesamehewa na unaweza kuikaribia Komunyo Takatifu. Najua rafiki yako ana andiko lake, lile la Mathayo 5 kuhusu kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, na andiko hilo ni la kweli kabisa. Linakufundisha kwamba una deni kwa mtu. Halikufundishi kwamba Mungu anakushikia msamaha wake rehani mpaka deni lilipwe.

Lakini deni lipo, na hapa ndipo ninapokuomba usiharakishe kupumua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema ondoleo huiondoa dhambi lakini halitengenezi kila kilichoharibiwa na dhambi hiyo, na mwenye kutubu anabaki na wajibu wa kufanya lililo katika uwezo wake ili kurekebisha. Namba 2381 inauita uzinzi udhalimu, maana anayezini anavunja ahadi yake na kuidhulumu haki ya mwenzake. Katika Zaburi uliyopewa kuna mstari ambao Daudi anamwambia Mungu kwamba amemtenda dhambi Yeye peke yake, na nimewasikia wanaume wakiushika mstari huo kama ngao, wakisema jambo hili ni kati yangu na Mungu. Kumbuka Daudi aliyaomba hayo akiwa katika hali gani. Mume wa Bathsheba, Uria, alikuwa ameshakufa kwa amri ya Daudi mwenyewe, na hakukuwa na njia tena ya kumrudishia chochote. Mkeo yu hai, yuko hapo nyumbani, na huenda wakati unasoma maneno haya anakupasia shati la safari.

Sasa kaka yako. Namheshimu kama mkubwa wako, na ninajua neno lake limetoka wapi. Kwa wazee wetu ugoni ulikuwa kosa dhidi ya mume: mwanamume aliyefumaniwa na mke wa mtu alitozwa fidia ya ugoni, na fidia hiyo ilikwenda kwa mume aliyekosewa. Mke aliyekosewa hakuwa na wa kumlilia. Sheria za Roma ya kale zilikuwa na sura hiyohiyo, na ndiyo maana Mtakatifu Yeronimo, mwishoni mwa karne ya 4, akiandika habari za Fabiola wa Roma, alitamka kwamba sheria za Kaisari ni nyingine na za Kristo ni nyingine, na kwamba kwetu sisi lisiloruhusiwa kwa mwanamke haliruhusiwi vilevile kwa mwanamume. Alikuwa anafuata Injili ya Marko, sura ya 10, ambapo Bwana anasema kwamba mume anayemwacha mkewe na kuoa mwingine anazini dhidi ya mkewe. Kwa wasikilizaji wa wakati ule hilo lilikuwa neno geni, maana walizoea kuhesabu kwamba mwanamume anamkosea mwanamume mwenzake tu. Hata Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 imeiacha hesabu ya kaka yako, kwa kuwa inampa mke haki ileile ya mume ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Msikilize kaka katika mambo ya mbao, lakini katika hili amekosea, na kosa lake limewaumiza akina mama wengi wa milima hii.

Nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona ndilo la kwanza kwa uzito. Hujaandika popote kwamba umepima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 mkoani Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.4. Hakuna mikoa mingine Tanzania Bara iliyotupita. Wewe ulitoka Tunduma ukaenda moja kwa moja kitandani kwa mkeo, na umekuwa naye miezi yote hii, naye hajui kwamba kuna la kuuliza. Ndugu yangu, mwili wake haukuwa wako wa kuuchezea bahati nasibu. Usali Zaburi hiyo mara mia, lakini kama hujapima bado hujaanza kulipa unachodaiwa.

Kwa hiyo kabla ya kumaliza wiki hii nenda kituo cha afya, na usiende kile ambacho muuguzi wake ni shemeji yako kama hilo litakufanya uahirishe. Muda tangu urudi umeshapita miezi 3, ambayo ndiyo hungojwa ili kipimo cha kawaida kiaminike, na majibu ya VVU hupatikana siku hiyohiyo. Omba pia upimwe kaswende na homa ya ini aina ya B. Mpaka upate majibu, usimkaribie mkeo. Ikitokea majibu yakaonyesha kwamba umeambukizwa, basi swali lako la kumwambia au kutomwambia limekwisha. Unawajibika kumwambia, na kumwambia mara moja, kwa haki ya asili, kwa upendo wa Kikristo, na kwa sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu kinga na udhibiti wa UKIMWI, ambayo inamtaka aliyejua hali yake amjulishe mwenzi wake bila kuchelewa. Washauri nasaha wa kituoni watakusaidia kulisema, dawa hutolewa bila malipo, na mtu anayezitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Kuchelewa kwako tu ndiko kunakoweza kumpokonya mkeo nafasi ya kuanza matibabu mapema.

Tuchukue sasa kwamba majibu ni mazuri. Je, bado ni lazima? Hapa wanateolojia wa maadili wamekuwa na busara ya muda mrefu ambayo siwezi kuificha, ingawa watu wengine wataiona laini mno. Ipo kanuni ya kale kwamba mtu hafungwi kujifichua mwenyewe, na Katekisimu, namba 2488 na 2489, inafundisha kwamba haki ya kuambiwa ukweli ina mipaka, na kwamba upendo kwa mwenzako ndio unaopima iwapo inafaa kuufunua ukweli kwa anayeuomba. Yako makosa ya siri, yaliyokwisha, yasiyo na hatari wala mtoto, ambayo kuyafunua hakumpi aliyekosewa chochote isipokuwa jeraha, huku aliyekosa akiondoka mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni mgongoni mwa mwingine. Nimewaona wanaokiri kwa wake zao ili tu wao walale usingizi. Katika hali ya namna hiyo mwungamishi anaweza kumshauri mtu anyamaze, alipe deni lake kwa uaminifu wa kila siku, na asiwe na wasiwasi wa dhamiri juu ya ukimya wake.

Ila kunyamaza ni kitu kimoja na kudanganya ni kingine, na mpaka huo watu huuvuka bila kujua. Katika semina moja ya wanandoa, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja alisimama akasimulia yake mbele ya watu kwa hiari yake, mumewe akiwa amekaa pembeni yake ameinamisha kichwa. Alisema alianza kuhisi jambo alipokuta kwenye simu ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa jina la kike asilolifahamu. Akamwuliza mumewe wakiwa jikoni, yeye akimenya viazi, kisu mkononi. Mume akaapa kwa jina la mama yake marehemu kwamba ni deni la mbolea. "Padre," alisema yule mama, "lile la yule mwanamke nimeshalisamehe. Kila ninapomenya viazi ninauona uso wake ulivyotulia wakati ananiapia." Hakuwa na haraka alipolisema hilo, na ukumbi mzima ulinyamaza. Tangu siku hiyo, ninapofundisha Amri ya Nane, ile inayokataza uongo, ninakumbuka viazi. Mkeo akikuuliza waziwazi, "Kuna mtu Tunduma?", huna ruhusa ya kusema hapana. Kanisa halijui uongo unaogeuka kuwa halali kwa sababu unailinda ndoa. Na hata kabla hajauliza, ukianza kutunga safari zisizokuwepo, kufuta ujumbe, kumtumia kaka yako kama shahidi wa uongo, ujue ukimya wako umeshakuwa uongo tayari.

Ndiyo sababu katika shauri lako wewe, hata majibu yakiwa mazuri, mimi naegemea upande wa kumwambia. Silisemi hili kama sheria, na paroko anayewafahamu nyote wawili akiona vinginevyo msikilize yeye kabla yangu. Lakini tazama hesabu yenyewe: kaka yako anajua, rafiki yako anajua, mama lishe anajua, na wafanyabiashara wa mbao mnaolala nyumba zilezile za wageni kutoka Makambako hadi mpakani si watu wasiosema. Mkeo ndiye pekee asiyejua habari za ndoa yake mwenyewe. Siku atakapoambiwa na mtu wa barabarani, au na wifi yake kwa hasira ya jambo jingine kabisa, atakuwa amekosewa mara mbili, na mara ya pili utakuwa huna hata la kuungama ambalo hajalisikia. Afadhali alisikie kwako. Hapa niwaombe radhi kidogo wasomaji wanawake walio upande wa pili wa swali hili: kama wewe ndiye uliyekosa na una sababu ya kuogopa kupigwa au kudhuriwa, usichukue maneno niliyomwandikia ndugu huyu ukayatekeleza peke yako. Usalama wako unatangulia, na hakuna kitubio kinachokutaka ujipeleke kwenye kipigo.

Kabla ya kusema na mkeo, funga ya Tunduma. Hela ya chakula unayodaiwa ni deni la haki na ulipe lote, leo ikiwezekana, kwa sababu mama yule alipika na watu wakala. Umtumie ujumbe mmoja wa heshima kwamba mambo yale yamekwisha na umemkosea na yeye pia, kisha namba hiyo uifunge. Usimtukane wala usimsimulie kwa watu kama mtego uliokunasa. Ulikwenda kwa miguu yako. Mwulize katika ujumbe huohuo kama kuna mimba, na kama ipo, mtoto huyo ana haki ya kutunzwa na baba yake, na hapo tena ukimya kwa mkeo hauwezekani, maana huwezi kulea mtoto kwa siri kutoka mfuko wa nyumba yake. Ukisafiri tena, badilisha nyumba ya kulala na mahali pa kula. Kuepuka nafasi za dhambi ni sehemu ya kusudi ulilolitamka katika sala ya kutubu.

Kuhusu namna ya kumwambia, nina machache. Usimwambie usiku wa manane, wala ukiwa umekunywa, wala kwa simu ukiwa safarini. Wapeleke watoto kwa bibi yao siku moja, zima simu yako, kaa naye pale mnapokaa siku zote, na kwa baridi hii nadhani ni jikoni penye moto. Sema lililotokea kwa maneno machache ya kweli: kwamba ulizini, ni lini, kwamba limekwisha, kwamba umepima na majibu ni haya, na mpe karatasi aione, na umwambie kwamba yeye naye ana haki ya kupima. Usitaje sababu. Hasa usiseme kwamba alikuwa mbali nawe, au kwamba wiki saba ni nyingi kwa mwanamume. Akiuliza, jibu anachouliza na usimwongezee picha ambazo hataweza kuzifuta. Kama unaogopa kuwa wawili tu, unaweza kumwomba paroko awepo, lakini umweleze ofisini, si kitubioni. Aliyekuungamisha hawezi kuligusa jambo hilo mbele ya mkeo kwa msingi wa maungamo yako, na hata akikutana naye kwenye jumuiya kesho ataongea naye habari za mahindi kana kwamba hajui lolote.

Kisha yako yamekwisha na yake yanaanza. Nijuavyo, wanaume wengi hufikiri kwamba kwa kuwa mke ameendelea kulala nao miezi yote, basi ameshasamehe. Sheria ya Kanisa haihesabu hivyo. Kanuni ya 1152 inamhimiza sana mwenzi asiye na kosa asimnyime msamaha mwenzake, lakini inampa pia haki ya kuacha maisha ya pamoja ikiwa hajasamehe, isipokuwa kama yeye naye alizini, au aliukubali uzinzi huo au kuwa chanzo chake. Msamaha wa kimyakimya unahesabiwa pale tu ambapo, akiwa ameshajua, ameendelea kwa hiari kuishi nawe kama mke, na hudhaniwa upo akikaa nawe miezi 6 bila kulipeleka shauri kwa mamlaka ya Kanisa au ya serikali. Miezi aliyokaa nawe bila kujua haimo katika hesabu hiyo hata siku moja. Akiamua kuondoka, kifungo cha ndoa yenu kinabaki, kwa sababu uzinzi hauvunji kifungo hicho, kama Mtaguso wa Trento ulivyothibitisha mwaka 1563, na wala yeye wala wewe hamko huru kuoana na wengine. Kanisa linategemea kwamba atalileta shauri lake kwa mamlaka ya jimbo ndani ya miezi 6, na wajibu wako wa kuwatunza watoto unaendelea palepale.

Miezi hiyo ni yake. Usimwulize siku ya tatu kama ameshakusamehe, usimtume mama mkwe, wala mwenyekiti wa jumuiya, wala akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, waende kumlainisha. Akitaka chumba chake, mpe. Akitaka kwenda kwao, mpe nauli na fedha ya watoto, msindikize hadi kituoni kama atakubali, na wazazi wake wakikupigia simu jioni hiyo kuuliza kuna nini, waambie wewe mwenyewe kwamba umemkosea binti yao, ili asilazimike kulisema yeye.